Nani Anayemwigiza Kijana?

Jumamosi moja usiku, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, tuliyageuza mabenchi ya bwalo kuelekea televisheni moja iliyofungiwa ndani ya sanduku la chuma, tukatazama filamu ya Kimarekani kuhusu wanafunzi wa sekondari. Wanafunzi wale walikuja shuleni kwa magari yao wenyewe, hawakuvaa sare, waliweka vitabu katika vikabati vya chuma vilivyopangwa ukutani, na jioni walikutana kwenye sherehe katika nyumba ambazo wenyewe wamesafiri. Katikati ya filamu, mwenzangu aliyekaa kando yangu aliniinamia akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kwa dhati: "Hawa prepo wanafanya saa ngapi?" Prepo kwetu ni saa za kujisomea usiku. Sikuwa na jibu, na swali lile nimekaa nalo miaka mingi, kwa sababu ndani yake mna swali jingine lililo zito zaidi: kijana tunayemwona kwenye skrini ametoka wapi, ameumbwa na nani, na kwa nini maisha yake hayafanani sana hata na ya vijana wa nchi yake mwenyewe?

Tuanze na jina, maana mkanganyiko unaanzia hapo. Kiingereza kina neno moja la mtu wa miaka 13 hadi 19 kwa sababu tu majina ya tarakimu hizo saba yana kimalizio kimoja katika lugha hiyo, na kimalizio hicho ndicho kilichozaa neno. Kiswahili kinahesabu kumi na moja mpaka kumi na tisa bila kuweka mpaka wowote kwenye kumi na tatu, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kulikata rika mahali hapo. Tulikuwa na kigori, mwali na barobaro, maneno yanayoeleza mwili wa mtu na nafasi yake mbele ya watu kuliko idadi ya miaka yake. Na katika jamii nyingi za ukanda wetu palikuwa na jando na unyago, vilivyomvusha mtoto kuingia utu uzima katika majuma au miezi michache, akiwa mikononi mwa wakubwa waliojua wanamfundisha nini. Neno tineja, linalosikika zaidi Kenya, ni mgeni. Neno kijana nalo limenyooshwa na serikali mpaka umbo lake limepotea: Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kijana kuanzia miaka 18 hadi kabla hajatimiza 35, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unaanzia miaka 15 na kuishia 35, ilhali Shirika la Afya Duniani linawahesabu waliomo katika balehe kuwa ni wa miaka 10 hadi 19. Mtu akisema "filamu ya vijana", basi, huenda anamzungumzia msichana wa kidato cha pili, na huenda anamzungumzia baba wa watoto wawili. Mimi hapa namzungumzia yule wa kwanza.

Kijana huyo wa filamu alizaliwa Marekani, na waliomzaa ni shule na pesa ya mfukoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 wengi wa rika lake nchini humo walikuwa mashambani, viwandani au katika kazi za nyumbani. Kufikia mwaka 1940, karibu nusu ya wenye miaka 17 walikuwa wanahitimu sekondari. Mamilioni ya watu wa umri mmoja walijikuta chini ya paa moja mchana kutwa, wakiwatazama wenzao kuliko walivyowatazama wazee wao, na kutokana na kutazamana huko wakapata mavazi yao, misimu yao na nyimbo zao. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuliona hilo. Jarida la Seventeen lilianza kutoka Septemba 1944, Vita Kuu ya Pili ikiwa bado inapiganwa, na tangu mwanzo wenye jarida waliwaeleza watangazaji wa bidhaa kwamba msichana wa shule ni mnunuzi mwenye matakwa yake mwenyewe, tofauti na ya mama yake.

Sinema nayo ilikuwa na shida zake. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi iliyoyalazimisha makampuni makubwa ya filamu kuachana na majumba yao ya sinema, na miaka iliyofuata televisheni ikawabakiza wazazi sebuleni. Aliyeendelea kutoka nyumbani jioni, akatafuta mahali penye giza na mwenzake, alikuwa kijana. Kampuni ya American International Pictures, iliyoendeshwa na James Nicholson na Samuel Arkoff, ilijenga biashara yake yote juu ya kijana huyo, kwa hesabu iliyosemwa waziwazi: mtoto mdogo atatazama anachotazama mkubwa wake, lakini mkubwa hatatazama cha mdogo, msichana atatazama cha mvulana, lakini mvulana hatatazama cha msichana, kwa hiyo anayetaka kuwanasa wote amlenge mvulana wa miaka 19. Naomba msomaji aisome hesabu hiyo mara mbili. Anayeshangaa kwa nini kwa miongo mingi msichana katika filamu hizo alikuwa mtu wa kupendwa, kuokolewa au kuchekwa, na mara chache sana mtu mwenye mawazo yake, hana haja ya kutafuta maelezo marefu kuhusu desturi za Wamarekani. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya daftari la mahesabu.

Juu ya biashara ikaja hofu. Katikati ya miaka ya 1950 kamati ndogo ya Baraza la Seneti, ambayo seneta Estes Kefauver alikuwa sura yake kuu, ilichunguza uhalifu wa watoto, ikavihoji vitabu vya katuni na baadaye filamu. Mwaka 1955 ukatoa filamu mbili ambazo bado zinatajwa kila mada hii inapozuka. Ya kwanza, Blackboard Jungle, inahusu mwalimu mgeni katika shule ya wavulana watukutu, nayo inafunguka kwa maandishi yanayowaeleza watazamaji kwamba watengenezaji wamesukumwa na wasiwasi kuhusu uhalifu wa vijana; mara baada ya maandishi hayo wimbo wa Bill Haley wa kucheza rock unalipuka. Mzazi aliyeketi ukumbini alipewa onyo la kusoma, na mwanawe akapewa ngoma ya kucheza, ndani ya dakika zile zile na kwa tiketi za bei ile ile. Filamu ilipochaguliwa kwenda kwenye tamasha la filamu la Venice, balozi wa Marekani nchini Italia, Clare Boothe Luce, alipinga, ikaondolewa. Ya pili ni Rebel Without a Cause, iliyotoka mwishoni mwa Oktoba. Nyota wake, James Dean, alikuwa amekufa katika ajali ya gari tarehe 30 Septemba akiwa na miaka 24, kwa hiyo vijana waliomuiga kwa koti lake jekundu walikuwa wakimfuata mwanafunzi wa sekondari aliyeigizwa na mtu mzima, tena mtu mzima aliyekwisha kuzikwa.

Suala hili la umri si dogo. Mwigizaji Sidney Poitier alikuwa na takriban miaka 27 alipoigiza mwanafunzi katika Blackboard Jungle. Katika Grease, iliyopigwa mwaka 1977 na kuoneshwa 1978, Olivia Newton-John aliyeigiza msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari alikuwa na miaka 28, na Stockard Channing, mwanafunzi mwenzake katika hadithi, alikuwa na 33. Watu huona jambo hili kama uzembe wa wapangaji wa filamu, lakini lina sababu inayoeleweka. Sheria za California zinabana saa za kazi za mtoto: mwigizaji wa miaka 16 au 17 siku ya shule anaweza kufanya kazi saa 6 tu, na saa 3 nyingine lazima asome, akiwa na mwalimu wa kulipwa papo hapo kwenye eneo la upigaji. Sheria hizo ni za haki kabisa. Zilitokana na watoto walionyonywa, akiwemo Jackie Coogan, aliyegundua alipokua kwamba mapato yake ya utotoni yamekwisha kutumiwa na mama yake na baba wa kambo, na jina lake likabaki kwenye sheria ya mwaka 1939 inayolinda fedha za watoto waigizaji. Ila kwa mtayarishaji anayelipia kila saa ya taa na kamera, mtu wa miaka 24 mwenye uso laini ni nafuu.

Gharama ya nafuu hiyo hulipwa na mtazamaji. Msichana wa miaka 15, mwenye chunusi kwenye paji la uso na mikono iliyorefuka kabla ya mwili mwingine kuifikia, anaoneshwa mwanamke wa miaka 28 na kuambiwa huyu ni mwenzako wa darasa. Hakuna anayemwambia kwamba umbo analolionea aibu ndilo umbo halali la umri wake. Nimewasikia wasichana wa familia yangu wakijilinganisha na nyuso hizo, na sioni kwamba walikuwa wapumbavu. Walikuwa wanaamini kile walichooneshwa.

Katika miaka ya 1980 mkurugenzi John Hughes aliigeuza hali hii kwa kiasi. The Breakfast Club ya mwaka 1985 inawafungia wanafunzi watano maktabani Jumamosi moja kutumikia adhabu, na sehemu kubwa ya filamu ni mazungumzo tu. Ilipigwa katika jengo la shule iliyokuwa imefungwa huko Des Plaines, jimbo la Illinois. Molly Ringwald na Anthony Michael Hall walikuwa na miaka 16 hivi, umri wa wahusika wao. Judd Nelson, aliyekuwa mkorofi wa kundi, alikuwa na 24. Vijana walijisikia wamesikilizwa, na nadhani walikuwa na haki ya kujisikia hivyo. Lakini wanafunzi wote watano ni Wazungu, na mkorofi anamdhalilisha msichana mara kwa mara kisha hadithi inamzawadia penzi lake. Ringwald mwenyewe, aliyepata umaarufu kwa filamu hizo, alizitazama upya na mwaka 2018 akaandika katika jarida la The New Yorker kuhusu mambo ndani yake yanayomsumbua sasa akiwa mama mwenye binti. Hakuzikana, alizisoma kwa umakini kuliko wengi wetu tunavyozisoma filamu tulizozipenda.

Kuna mkanganyo mwingine ambao mtazamaji wa kawaida hauoni. Tangu Novemba 1968 Marekani ina mfumo wa kuzipanga filamu kwa umri, na The Breakfast Club iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Filamu kuhusu wanafunzi wa miaka 16, basi, ilikuwa imewafungia mlango wanafunzi wa miaka 16. Jambo hilo hilo lilijirudia mwaka 2018 kwa Eighth Grade, ya Bo Burnham, ambayo kwangu ndiyo filamu ya Kimarekani iliyomkaribia zaidi kijana halisi: Elsie Fisher alikuwa na miaka 14 wakati wa kupigwa kwake, chunusi zake hazikufichwa, na sentensi zake zinakatika njiani kama zinavyokatika za mtoto mwenye haya. Nayo ikapewa R. Kampuni iliyoisambaza ilifanya jambo la busara: Agosti ya mwaka ule iliandaa maonyesho ya bure, ukumbi mmoja katika kila jimbo, bila kumwuliza yeyote umri.

Je, kwetu Afrika? Hapo swali la mwenzangu wa bwaloni linapata maana nyingine, kwa sababu muhula ule ule tulioneshwa Sarafina!, na safari hii hakuna aliyeuliza chochote. Filamu hii ya mwaka 1992 ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema wa mwaka 1987, na Leleti Khumalo, aliyekuwa na miaka 17 alipoanza kuicheza nafasi ya Sarafina jukwaani, ndiye aliyeibeba hadi kwenye filamu. Sare tuliitambua. Tulimtambua mama anayelala kazini kwa matajiri na kuonana na wanawe kwa nadra. Tena mama huyo aliigizwa na Miriam Makeba, ambaye sauti yake wazazi wetu waliijua kwa wimbo wa Malaika. Hakuna kabati la chuma, hakuna gari, hakuna dansi ya kuhitimu. Kuna mwalimu wa historia anayechukuliwa na polisi, na wanafunzi wanaoulizana wafanye nini.

Nyuma ya hadithi hiyo kuna jambo lililotokea. Utawala wa ubaguzi wa Afrika Kusini uliagiza masomo kadhaa, hesabu ikiwemo, yafundishwe kwa Kiafrikana katika shule za Waafrika, na tarehe 16 Juni 1976 maelfu ya wanafunzi wa Soweto waliandamana kwa sare zao. Polisi walifyatua risasi. Picha ya Sam Nzima ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, akiwa amebebwa na Mbuyisa Makhubo huku dada yake akikimbia kando, ilienea duniani kote, na mwaka 1991 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaanza kuiadhimisha siku hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Katika filamu za Kimarekani nilizozitaja, kijana anapambana na baba yake, na upweke wake, na macho ya wenzake. Katika hii anapambana na dola. Shule, ambayo kule ni jukwaa la mapenzi na mavazi, hapa ndiyo uwanja wa mapambano yenyewe. Kwa mtazamaji aliyelelewa kwenye filamu hizo za Kimarekani, Sarafina anaonekana amekua kabla ya wakati. Kwetu alionekana dada wa kidato cha nne.

Afrika Kusini haikuishia hapo. Mwaka 1999 shirika la utangazaji la taifa lilionesha Yizo Yizo, tamthilia iliyoandaliwa kwa ajili ya Wizara ya Elimu ili kufichua hali ya shule za vitongojini: magenge, dawa za kulevya, ubakaji, walimu waliokata tamaa. Waongozaji, Teboho Mahlatsi na Angus Gibson, waliipiga kwa lugha zinazosemwa mtaani na kuijaza muziki wa kwaito. Vijana waliipenda mno, na wazazi na wanasiasa wakaanza kuuliza kama kuonesha ukatili hakuufundishi. Swali lao lilikuwa la haki, ila lilisahau kwamba mtoto wa kitongoji hakuhitaji televisheni ili auone ukatili huo. Aliupita kila asubuhi akienda darasani.

Afrika Mashariki tumefuata njia ya tatu, na inatokana na anayelipa. Kenya ilipata tamthilia ya shule iliyodumu, Tahidi High ya Citizen TV, iliyoishi kwa matangazo ya biashara na kwa mazoea ya watazamaji wake. Lakini hadithi nyingi za rika hili zimelipiwa na wafadhili wenye ujumbe. Shuga, iliyoanza mwaka 2009 ikipigwa Nairobi, ilikuwa sehemu ya kampeni ya MTV na washirika wake dhidi ya Ukimwi, na Lupita Nyong'o aliigiza ndani yake miaka kadhaa kabla ya kupata Oscar. Ilikuwa na mvuto, na ujumbe wake ulifika: tamthilia hiyo ilipohamia Nigeria, wachumi akiwemo Abhijit Banerjee waliwafuatilia watazamaji wake huko wakakuta uwezekano wa kwenda kupima virusi umekaribia kuwa mara mbili ya ule wa wasioitazama. Sina neno dhidi ya kazi inayookoa maisha. Ninachokisikitikia ni kwamba kijana anayebebeshwa ujumbe katika kila hadithi hapati nafasi ya kuwa mtu tu: kuchoka, kuchekesha, kumwonea wivu rafiki, kulia kwa sababu sanduku lake la bweni limevunjwa na sukari imeibwa. Anaingia kwenye hadithi akiwa hatarini, na anatoka akiwa ameonywa.

Juu ya mfadhili kuna dola. Mwaka 2018 filamu ya Wanuri Kahiu, Rafiki, kuhusu wasichana wawili wa Nairobi waliomaliza shule na kupendana, ilikuwa ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, na wakati huo huo ikapigwa marufuku nyumbani na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya. Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba mwezi Septemba, na kumbi zikajaa. Msomaji anaweza kuwa na msimamo wake kuhusu mapenzi hayo. Ninalotaka alione ni kwamba mtengenezaji, bodi na mahakama walibishana juu ya yale kijana anayoruhusiwa kuwa kwenye skrini, na katika meza zote tatu hapakuwa na aliyetoka darasani.

Ndiyo maana navutiwa na kinachotokea sasa kwenye simu. Wanafunzi wa bweni kwa kawaida hawaruhusiwi simu, kwa hiyo video zao hufurika wakati wa likizo, na ukizitazama kwa mfululizo utagundua jambo ambalo sinema kubwa haikuwahi kulifanya: hapa si mtu mzima anayemwigiza mtoto, ni mtoto anayemwigiza mtu mzima. Kuna moja niliyoirudia mara nyingi, ya mvulana wa kama miaka 16 anayecheza peke yake nafasi zote, simu ikiwa imeegemezwa kwenye ndoo uani. Amevaa koti la baba yake, mikono ya koti imemeza viganja vyake, ameshika fimbo nyuma ya mgongo: huyo ni mwalimu wa zamu saa kumi na moja alfajiri, anayegonga mlango wa bweni na kuhesabu kuanzia moja hadi kumi kwa sauti inayopanda. Anavua koti, anajifunga kanga kichwani: huyo ni mama, anayesoma ripoti ya muhula kimya, anageuza ukurasa, anaurudisha, kisha anauliza kwa upole unaotisha, "Na hii ya hesabu ni yako?" Mwishoni anatoa kanga na kubaki na fulana yake yenye jina la bweni nyuma, ameshika beseni na kipande cha sabuni, amesimama kwenye foleni ya bombani isiyoonekana, anasogea hatua moja, anasubiri, anasogea hatua nyingine.